Watu Waliovuka Bahari Kutafuta Shamba

Kutoka Nyarero, hapa Tarime, hadi Sirari si safari ya kufungasha chakula. Ukifika mpakani unaonyesha kitambulisho, unavuka, uko Isebania, Kenya, na upande ule unawakuta watu wanasalimiana kwa Kikuria kilekile ulichokiacha nyumbani. Watu wa ukoo wa Abanyabasi wako huku na wako kule. Abairege vivyo hivyo. Babu zao hawakugombana wakagawana nchi. Waligawanywa. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana kuchora mstari kuanzia mdomo wa mto Umba, kule pwani, hadi kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, na mwaka 1890 wakapatana tena. Mstari ule ulipita katikati ya watu, malisho na visima, kwa sababu kwenye ramani yao vitu hivyo havikuwepo.

Sasa, vijana, kuna jambo moja ambalo mpaka huo unalificha. Kaskazini ya mstari Waingereza walikuja kukaa. Walikuja na wake zao, watoto, mbwa, vitanda, wengine hata na piano, wakajenga nyumba za mawe na kupanda mauwaridi, wakasema hapa ndipo kwetu. Kusini ya mstari, huku kwetu, Mwingereza tuliyemfahamu baada ya Mjerumani kuondoka alikuwa hasa bwana shauri. Alikuja, akakusanya kodi, akaamua kesi, akahamishwa. Swali ninalotaka tulichimbue ni lile la upande wa kaskazini: mtu mwenye kwao, mwenye kaburi la babu yake na kanisa alikobatizwa, anapata wapi moyo wa kupanda meli na kwenda kukaa mahali asipomjua hata mtu mmoja?

Itabidi nianzie mbali, maana safari zenyewe ni mbili, ya Marekani na ya Kenya, na kati yake imepita miaka 300.

Hapa Ukuryani mzee akifariki, mali hufuata nyumba. Kila mama na wanawe wana fungu lao, na kijana wa nyumba ndogo hawezi kuambiwa kwamba hana lake. Huenda likawa dogo, huenda ndugu wakalitolea macho, lakini lipo. Kwa Waingereza wenye ardhi mambo hayakuwa hivyo. Sheria yao ya zamani ilimpa mtoto wa kwanza wa kiume shamba lote na nyumba kubwa. Waliomfuata waliambulia fedha kidogo, elimu, na nasihi nzuri ya kwenda kujitafutia. Kijana wa tatu wa bwana mkubwa alilelewa kwa vijiko vya fedha, akafikisha miaka 20, akagundua kwamba hata mti mmoja wa shamba lile si wake. Basi aliingia jeshini, au ukasisini, au kwenye biashara. Au aliitazama bahari.

Hao ni wa juu. Wa chini walikuwa na shida iliyozidi hiyo. Katikati ya miaka ya 1500 Uingereza ilikuwa na watu kama milioni 3. Miaka 100 baadaye wamekaribia au kupita milioni 5, na ardhi ni ileile. Bei ya mkate ilipanda, ujira haukuifuata. Juu ya hapo, sufu ilikuwa na soko zuri, kwa hiyo wenye mashamba wengi walizungushia ua yale malisho ambayo wanakijiji walikuwa wakichungia kwa pamoja tangu enzi, wakayajaza kondoo wao. Mwanakijiji aliyezoea kulisha ng'ombe wake mmoja pale aliamka akakuta ua. Aliyekosa kazi akaanza kutangatanga barabarani alikamatwa kama mzururaji na kuchapwa viboko. Ninyi mnaolijua jambo la malisho kufungwa hamhitaji nilieleze zaidi.

Kulikuwa na dini pia. Mfalme alikuwa ndiye mkuu wa kanisa, na sheria ilimtaka kila mtu asali katika kanisa hilo. Asiyehudhuria alitozwa faini. Walikuwepo Wakristo waliosema kanisa la mfalme limebaki na mambo mengi mno ya Roma, wakataka ibada isiyo na mapambo, na wengine wakaamua kujitenga kabisa. Walisumbuliwa, wakafungwa, hatimaye kundi moja likahamia Uholanzi na kuishi katika mji wa Leiden zaidi ya miaka 10. Huko hakuna aliyewagusa. Tatizo likawa jingine: kazi zilikuwa ngumu, na watoto wao walianza kuongea Kiholanzi na kufuata tabia za Waholanzi. Wazazi wakaona wameponea kwenye imani, lakini wanawapoteza watoto. Ndipo wakaamua kuvuka bahari.

Meli yao iliitwa Mayflower. Iliondoka Plymouth mwezi Septemba mwaka 1620 ikiwa na abiria 102, na si wote waliokuwa watu wa dini. Wengine walitafuta riziki tu. Ilikuwa meli ya mizigo. Abiria walilala chini ya sitaha, mahali ambapo mtu mrefu hawezi kusimama wima, pamoja na masanduku, mapipa na kuku. Walikaa baharini siku 66. Mawimbi ya vuli yalipasua mhimili mmoja mkubwa wa meli wakaukaza kwa skrubu ya chuma waliyokuwa nayo. Mtoto alizaliwa njiani, wazazi wakampa jina la Oceanus, kutokana na bahari. Walifika pwani ya Marekani wakati theluji inaanza, hawana nyumba wala shamba, na kabla ya majira ya kuchipua nusu yao walikuwa wamekufa.

Lakini walikuta jambo la ajabu. Mahali walipoamua kujenga palikuwa pamefyekwa, mashamba yapo, maji safi yapo, watu hakuna. Kwa imani yao wakaona ni Mungu aliyewaandalia. Ukweli ni kwamba hapo palikuwa kijiji kilichoitwa Patuxet, na wenyewe walikuwa wamekufa miaka michache tu nyuma, kwa ugonjwa ulioletwa na mabaharia wa Ulaya. Mtu mmoja wa kijiji hicho alikuwa hai. Jina lake Tisquantum. Mwaka 1614 nahodha mmoja Mwingereza alimteka akaenda kumuuza Hispania. Akatoroka, akafika London, akajifunza Kiingereza, na aliporudi kwao mwaka 1619 akakuta mifupa. Wageni walipokuja mwaka uliofuata, yeye ndiye aliyewafundisha kupanda mahindi kwa kufukia samaki kwenye shimo la mbegu. Mimi nikisoma habari za safari ile, huyu ndiye ninayetaka kujua alikuwa akiwaza nini, lakini hakuacha maandishi.

Msidhani hata hivyo kwamba wengi walivuka kwa ajili ya dini. Miaka 13 kabla ya Mayflower, mwaka 1607, kampuni ya wafanyabiashara wa London ilikuwa imeanzisha kituo cha Jamestown, huko Virginia, na ilichotaka ilikuwa dhahabu. Hawakuipata. Katika kipupwe cha mwaka 1609 kuingia 1610 walikufa kwa njaa, na kati ya watu wapatao 500 wakabaki 60 hivi. Kilichoiokoa Virginia ni tumbaku, ambayo ilianza kuuzwa vizuri London miaka michache baadaye. Tumbaku inahitaji mikono mingi, kama mnavyojua, kwa hiyo mawakala wakaenda kutafuta mikono hiyo kwenye barabara za Uingereza, kwa wale vijana waliochapwa viboko kwa uzururaji. Kijana hana nauli? Haidhuru. Anatia alama kwenye karatasi, anapelekwa bure, halafu anamtumikia tajiri miaka 4 hadi 7 bila mshahara, kwa chakula na malazi tu. Akimaliza ameahidiwa kuwa huru, na labda kupata shamba. Zaidi ya nusu ya Waingereza waliokwenda Virginia na Maryland katika karne ile walikwenda kwa karatasi hiyo. Wengi walikufa kwa malaria na kuhara kabla ya miaka yao kutimia. Tajiri aliyewalipia nauli, yeye, alipewa ekari 50 kwa kila kichwa alichokileta.

Na mwaka 1619 meli ilishusha Virginia Waafrika 20 na kitu, waliotekwa Angola. Hao hawakutia alama kwenye karatasi yoyote.

Sasa turuke. Miaka 250 inapita. Wajukuu na vitukuu wa wahamiaji wale wameshajitenga na mfalme, wamesonga magharibi wakiwasukuma wenyeji mbele yao, na wamefika kwenye tambarare pana zenye udongo mweusi wa ngano. Wanajenga reli. Meli za mvuke zinakuja. Kuanzia miaka ya 1870 ngano ya Marekani inatua Liverpool kwa bei ambayo mkulima wa Uingereza hawezi kuifikia hata akilima usiku na mchana. Kodi ambazo wapangaji huwalipa wenye mashamba zinashuka, mabwana wanakopa, mashamba yanauzwa. Mwaka 1894 serikali ikaongeza kodi nzito juu ya mirathi. Mnaona mambo yanavyozunguka: nafaka iliyolimwa na watoto wa wahamiaji wa kwanza ndiyo iliyowafilisi ndugu zao waliobaki, na kuwatengeneza wahamiaji wa pili. Hao wa pili ndio waliokuja kuwa majirani zetu.

Kilichowaleta upande huu ni reli. Waingereza waliianza Mombasa mwaka 1896, kwa mikono ya Wahindi zaidi ya 30,000 walioletwa kwa mkataba, wakaifikisha Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Iligharimu zaidi ya pauni milioni 5, fedha za walipa kodi wa Uingereza, na ilipokamilika mabehewa hayakuwa na mzigo wa kutosha. Kamishna wa wakati ule, Sir Charles Eliot, alikuwa na jibu: waleteni wazungu walime nyanda za juu, mazao yao yatailipa reli. Mwaka 1902 ikatungwa sheria iliyoruhusu ardhi kugawiwa wageni. Reli ikabandika matangazo Ulaya, moja likiwaita mabwana wakubwa waje kukaa nyanda za juu za Afrika Mashariki wakati kwao kuna baridi, kana kwamba ni hoteli.

Eliot alisema nchi ni tupu. Alikuwa akiona nini? Alikuwa akiona Patuxet nyingine. Katika miaka ya 1890 sotoka ilishuka kutoka kaskazini ikaua ng'ombe kwa maelfu, Wamasai wakabaki maskini ndani ya mwaka mmoja. Ikaja ndui. Kisha ukame na njaa ya miaka ya mwisho ya karne, iliyowaondoa Wakikuyu wengi kwenye mashamba yao ya kusini na kuwarudisha kwa ndugu zao waliokuwa na chakula. Mashamba yakaota majani. Mtu akipita hapo akiwa ndani ya behewa, akichungulia dirishani, hakuna wa kumwambia kwamba wenyewe wako njiani kurudi.

Waliokuja ni akina nani? Watoto wa pili na wa tatu wa mabwana wale wale, tena wengi. Maofisa wastaafu wa jeshi la India ambao pensheni yao isingetosha kuwa na watumishi nyumbani Uingereza, lakini hapa ingetosha. Makaburu kutoka kusini. Wawindaji. Maskini wa Uingereza hawakuja, na hapo ndipo safari hii ya pili inapotofautiana na ile ya kwanza. Kibarua wa London alikwenda Kanada au Australia. Kenya ilihitaji mtaji, na serikali haikutaka Mwafrika amwone mzungu anabeba zege.

Aliyejulikana kuliko wote alikuwa Lord Delamere, naye hakuwa mtoto wa pili. Alirithi jina na shamba kubwa la Cheshire. Aliiona nchi mara ya kwanza mwaka 1897, akitokea Somalia na ngamia, akiwinda. Alirudi, na mwaka 1903 akapewa ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99. Mngetarajia aneemeke. Kondoo wake wa sufu wakafa, kwa sababu udongo wa Njoro haukuwa na madini waliyoyahitaji. Ng'ombe wakafuata, kwa maradhi ambayo mchungaji yeyote wa Kimasai angemwonya. Ngano ikashikwa na kutu. Aliliweka rehani shamba la Uingereza ili alishe la Afrika, na ilichukua miaka kabla shamba la huku halijaanza kumlipa. Simsikitikii sana. Ila ni vizuri mjue kwamba mtu anaweza kupewa ardhi ya wenzake na bado asijue kuilima.

Mikono ya kulima ilikuwa ya nani? Hapa hawakuleta vijana wa karatasi. Waliweka kodi ya nyumba, ilipwe kwa fedha, na fedha zilikuwa kwenye shamba la mzungu. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaongeza kipande: kila mwanamume Mwafrika avae shingoni kibati chenye karatasi ya alama za vidole na jina la mwajiri. Kuondoka shambani bila kibali likawa kosa la kufungwa.

Na Wamasai waliokuwa Naivasha na Nakuru, kwenye malisho mazuri kando ya reli? Mwaka 1904 wazee wao walitia saini mkataba wa kuhama, wakagawanywa, wengine Laikipia na wengine kusini. Waliahidiwa kwamba hilo ndilo la mwisho. Mwaka 1911 wa Laikipia nao wakahamishwa, wakaswagwa na mifugo yao kwenda kusini, na mwaka 1913 walipokwenda mahakamani walishindwa, kwa hoja kwamba mkataba wao ulikuwa kati ya mataifa mawili na mahakama haina uwezo nao. Kusini huko ni wapi? Ni nyika inayoteremka hadi kwa majirani wa Wakuria wa mashariki. Basi mzee wa Ukuryani ambaye hakuwahi kumwona Delamere huenda bado aliona ng'ombe zaidi kwenye mto aliouzoea.

Vita ya 1914 hadi 1918 ikaleta wimbi jingine. Uingereza ilikuwa na maofisa wengi waliorudi bila kazi, wengine bila mkono au mguu, na serikali ikataka kuwazawadia. Ikatenga mashamba zaidi ya 1,000 nchini Kenya. Mwaka 1919 waombaji walikusanyika katika ukumbi wa Theatre Royal, Nairobi, mahali pa michezo ya kuigiza, ikachezwa bahati nasibu. Namba ya mtu inachomolewa, anakwenda kuchagua shamba kwenye ramani. Bahati nasibu nyingine ikachezwa London, kwa watu ambao wengine hawajawahi kuiona Afrika. Sehemu ya ardhi hiyo ilikatwa kutoka kwa Wanandi. Waafrika walikuwa wamepigana vita ileile, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa kikosi kilichoitwa Kariakoo walikufa kwa njaa na kuhara katika nchi hii yetu wakibeba risasi na chakula cha jeshi. Hakuna Mwafrika aliyeitwa kuchomoa namba.

Hesabu ya watu ya mwaka 1911 iliwakuta Wazungu 3,175 nchini Kenya. Ya mwaka 1921 ikakuta 9,651. Kwa nchi kubwa vile ni wachache, ila sheria ya mwaka 1915 ilikuwa imeruhusu wapangishwe ardhi kwa miaka 999. Nimewahi kumwuliza kijana wa darasa la saba apige hesabu hiyo, akaniambia babu, hapo hata kilimo chenyewe kitakuwa kimekwisha.

Kwa nini mambo hayo hayakuteremka hadi Nyarero? Si kwamba milima yetu ni mibaya. Tarime ina baridi, ina mvua, kahawa inakubali, ndizi zinakubali, Delamere angeipenda. Lakini reli haikufika huku, hadi leo. Na vita ilipokwisha Waingereza walipewa Tanganyika kama dhamana chini ya Shirikisho la Mataifa, wakatakiwa kuangalia maslahi ya wenyeji. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi chini ya gavana kwa manufaa ya wenyeji, na ingawa walowezi walikuwepo, hasa Usambara, Kilimanjaro na Arusha, hawakupata kuwa wenye nchi. Walowezi wa Kenya walitamani kuunganisha nchi mbili ziwe moja chini yao. Gavana Sir Donald Cameron, aliyekuwa Dar es Salaam kuanzia mwaka 1925 hadi 1931, alikataa. Kwa hiyo ule mstari uliowatenganisha Abanyabasi ndio pia uliowazuia watu wa Theatre Royal wasije kuchomoa namba zenye majina ya vilima vyetu. Sijui kama tuushukuru au tuulaani, na sioni haja ya kuchagua.

Kenya ilipokaribia uhuru, walowezi walianza kufunga masanduku. Kwanza walitaka kulipwa. Kuanzia mwaka 1962 ukaanzishwa mpango wa ekari milioni moja: mashamba ya wazungu yanunuliwe, yakatwe vipande, wapewe Waafrika. Fedha nyingi zilikuwa mkopo kutoka Uingereza na Benki ya Dunia. Mlowezi alilipwa taslimu, akapanda meli au ndege kwenda Afrika Kusini, Australia, au kurudi Uingereza ambako nyumba kubwa ilishauzwa zamani. Aliyepewa kipande, mara nyingi mtu ambaye baba yake aliondolewa papo hapo, alikabidhiwa pia karatasi ya deni, na akaanza kulilipa kwa maziwa, pareto na mahindi, kila msimu, kwa miaka mingi baada ya bendera kupandishwa.